Maswali ya Wasomaji: Kuwaweka Pamoja Samaki wa Kundi katika Tangi la Maji ya Chumvi

Miongoni mwa barua zilizotufikia kutoka kwa wafugaji wa samaki wa baharini, tatu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, nalo ni vipi samaki waliozoea kwenda kwa makundi wataishi pamoja ndani ya kioo bila kutawanyika wala kuumizana. Tumezifupisha kidogo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa mengi yaliyomo yanawahusu wote wenye matangi.

Swali

Assalaam alaykum. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 150, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 50, na maji yake huyachukua baharini. Nilinunua samaki wanane wadogo wa rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, wale wanaoonekana kwa wingi juu ya matumbawe ya matawi. Mwanzoni walikuwa wakienda pamoja, akigeuka mmoja wamegeuka wote. Sasa kila mmoja ana upande wake. Wawili wamekufa, na mmoja anajibanza kwenye pembe ya juu, nyuma ya bomba la chujio, mkia umechanika. Rafiki yangu amenishauri nitie chewa mdogo ili wapate hofu na warudi kushikamana. Je, maji yangu ndiyo mabaya, niongeze samaki wengine, au nifuate ushauri wa chewa?

Msomaji wa Mbweni, Unguja

Jibu

Wa alaykum salaam, ndugu yetu wa Mbweni. Naanza na chewa, kwa sababu ni jambo unaloweza kulifanya kabla ya toleo lijalo na ukapata hasara. Usimtie. Rafiki yako hakukosea alipoona kwamba samaki hawa wakimwona adui hukusanyika papo hapo. Lakini baharini adui hupita akenda zake, na samaki wakarudi kula, ilhali ndani ya tangi yeye hana pa kwenda na wao hawana pa kukimbilia. Samaki mwenye hofu isiyokatika huacha kula vizuri na hudhoofika mbele ya maradhi. Tena chewa, hata akiingia akiwa na urefu wa kidole, atakua, na atawala mmoja mmoja.

Hata hivyo ushauri huo umegusa sababu hasa ya yale uliyoyaona. Mwaka 1971 mwanabiolojia wa Uingereza, W. D. Hamilton, aliandika makala akieleza kwamba mnyama anayejisogeza katikati ya wenzake anaipunguza hatari yake mwenyewe, kwa kuwa adui atamfikia kwanza yule aliye pembeni. Samaki wako, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Chromis viridis, walipoingia nyumbani kwako walikuwa wageni mahali wasipopajua, na kila mmoja akajificha ndani ya kundi. Walipokwisha kuona kwamba hakuna anayewawinda, haja ya kubanana ikaondoka, nao wakatawanyika. Kutawanyika huko peke yake si ubaya. Samaki wanaoelea mbalimbali, mapezi yamekunjuka, kila mmoja akidonoa chembe zinazopita, ni samaki waliotulia, na mfugaji anapaswa kulifurahia hilo kuliko kutamani waende kwa mstari siku nzima. Kibaya ni kile kinachofuata katika barua yako, yaani mkia uliochanika na samaki aliyejibanza pembeni.

Utulivu wa hofu ukiisha, samaki hawa huanza kupangana vyeo. Baharini kundi linaweza kuwa na makumi au mamia juu ya jumba moja la matumbawe, hivyo anayefukuzwa huponyoka akachanganyika na wengine, na aliyemfukuza humsahau. Katika kundi la wachache, vishindo vyote vinamwangukia yule wa chini kabisa, kila siku, tangu taa iwashwe hadi izimwe. Akifa huyo, aliyekuwa juu yake kidogo ndiye anayekuwa wa chini, naye huanza kuandamwa. Ndiyo maana wafugaji wa nchi nyingi wamelalamika kwamba samaki hawa huanza wengi wakapungua mmoja baada ya mmoja mpaka wakabaki wawili au mmoja, na maji yao wakiyapima wanayakuta safi.

Kabla ya kuhukumu kwamba wawili wako waliuawa na wenzao, waangalie waliobaki kwa karibu. Aliyepigwa huwa na mapezi yaliyochanika na magamba yaliyong'oka hapa na pale. Ukiona doa jekundu ubavuni, mfano wa jeraha linalopanuka, huku samaki anahema upesi, hiyo yaweza kuwa kazi ya kimelea kinachoitwa Uronema marinum, ambacho huwapata sana samaki wa aina hii, hasa baada ya misukosuko ya safari. Kimelea hicho kinaweza kuishi ndani ya tangi bila samaki, kikila bakteria, na kikishazama ndani ya nyama ya samaki dawa ya majini haifui dafu. Mwenye dalili hizo mtoe siku hiyo hiyo umweke chombo cha peke yake, na vyavu na ndoo ulizomshikia usizitumbukize tena katika tangi kabla ya kuziosha na kuzikausha kabisa juani.

Ikiwa hakuna doa jekundu, basi tatizo ni ugomvi, na ugomvi unatazamwa wakati wa chakula. Simama mbali na kioo, mahali ambapo samaki hawakuoni vyema, kisha mtu mwingine atie chakula kidogo. Yuko atakayekuja mbele na kula kwanza, na kila mara ataacha kula ili amkimbize mwenzake. Huyo mtambue kwa alama yoyote, hata kovu dogo. Yuko mwingine ambaye atasogea hatua moja, atasita, kisha atarudi nyuma ya bomba bila kupata kitu. Watu wengi humtoa huyu mnyonge wakidhani wanamwokoa, na matokeo yake yule mkorofi anatafuta mnyonge mpya. Mtoe mkorofi. Mtie katika chombo kingine chenye hewa na maji mazuri kwa wiki moja au mbili, na huku nyuma uwape waliobaki nafasi ya kupona na kula. Atakaporudi atakuwa mgeni katika nyumba aliyokuwa akiitawala. Si kila mara hilo linatosha, kwa kuwa wa pili naye anaweza kuishika nafasi iliyoachwa, lakini ni bora kuliko kungoja.

Chakula nakisisitiza kuliko kitu kingine chochote. Samaki hawa huishi kwa kudonoa vijidudu vinavyoletwa na mkondo mchana kutwa, wala hawakuumbwa kwa mlo mmoja mkubwa wa jioni. Mwenye kuwalisha mara moja anawafanya wagombee dakika hizo chache, na mkubwa wao anajifunza kuilinda sehemu ambayo chakula huangukia. Gawa chakula kile kile mara tatu au nne kwa siku. Uduvi mbichi uliooshwa kwa maji safi na kugandishwa unafaa sana, au kamba aliyekatwakatwa mpaka vipande vyake viwe vidogo kuliko jicho la samaki mwenyewe. Usivitie mahali pamoja. Vitie mbele ya pampu ili mkondo uvisambaze tangi zima, na vingine upande wa pili, maana hakuna samaki awezaye kulinda pande mbili kwa wakati mmoja.

Jambo jingine linalosahaulika ni malazi. Baharini, jua likizama, samaki hawa huingia katikati ya matawi ya matumbawe. Chukua tochi uifunike kitambaa chekundu, uangalie tangi lako saa moja baada ya kuzima taa, na uhesabu ni wangapi wamepata tundu na wangapi wanaelea nje wakisukumwasukumwa. Ikiwa matundu ni machache kuliko samaki, umeipata sababu moja ya ugomvi wa jioni. Usiende kuvunja matumbawe hai, kwani hayo ni makazi ya samaki wengine na kuyavunja ni uharibifu wa bahari yetu. Mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ajili ya ujenzi yanafaa, mradi hayajagusana na saruji wala udongo, na uyasugue na kuyaloweka vizuri kwanza. Yapange yawe na mapango na nyufa nyingi nyembamba, na katikati ya tangi uache uwazi mrefu wa kuogelea.

Umeuliza kama uongeze. Wawili au watatu usiongeze kamwe, kwa sababu watakuwa wageni wachache mbele ya wenyeji wenye mipaka yao. Kama umeazimia kuwa na kundi, ongeza sita au saba kwa pamoja, wote wa kimo sawa na ulio nao, baada ya kuwaweka karantini kama wiki nne. Siku ya kuwaingiza, hamisha mawe ili hata wenyeji wapoteze mipaka yao, na taa zibaki zimezimwa mpaka asubuhi ya pili. Wiki ile pima amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kila siku, kwani bakteria wa tangi lako wamezoea uchafu wa samaki sita na si wa kumi na watatu. Na ukiniuliza maoni yangu, nitakwambia kwamba tangi la lita 375, ambalo ukitoa mawe linabaki na pungufu ya hapo, liko kwenye ukingo wa kundi kama hilo. Ukiona baada ya miezi michache wanaanza tena kupungua, ridhika na watakaobaki.

Maji yako sikuyataja sana kwa sababu hukueleza dalili za maji mabaya. Yachukue maji yakijaa, upande wa bahari wazi, mbali na bandari na midomo ya vijito, na wakati wa masika usiyachukue baada ya mvua kubwa kwa kuwa chumvi hupungua. Kipimo kinachofaa ni kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwani chumvi haikauki pamoja nayo.

Swali

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Chake Chake. Shule yetu imepewa tangi la lita 200 na tunataka wanafunzi waone kundi la samaki likigeuka kwa pamoja. Wengine wanapendekeza dagaa au vibua. Wanafunzi wamewaona ngogo wadogo wenye milia, waliosongamana kama mpira kwenye maji mafupi, na wanataka tuwachukue hao. Pia wameniuliza samaki wanajuaje kugeuka wote mara moja. Naomba msaada.

Mwalimu, Chake Chake, Pemba

Jibu

Mwalimu, nimefurahi sana kwamba swali la wanafunzi limekuja pamoja na lako, kwa hiyo nalianzia hilo. Samaki hutumia macho, na pia hutumia mstari wa ubavuni, ambao ni safu ya viungo vidogo vya fahamu vinavyohisi maji yanavyosukumwa na mwili wa jirani. Mwaka 1976 Pitcher, Partridge na Wardle walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo samaki waliozibwa macho kwa muda waliweza bado kuogelea ndani ya kundi pamoja na wenzao wanaoona. Hakuna kiongozi anayetoa amri. Kila mmoja anamfuata aliye karibu naye, na mgeuko unasambaa kutoka kwa jirani hadi kwa jirani kwa kasi kubwa kiasi kwamba jicho letu linaona wamegeuka wote. Mstari wenyewe wanafunzi wanaweza kuuona kwa samaki wa sokoni: mchukue kolekole, mlaze ubavu, na uwaonyeshe mstari unaoanza nyuma ya shavu, ukapinda, kisha ukanyooka hadi mkiani.

Dagaa na vibua msiwachukue. Magamba ya dagaa hutoka kwa kuguswa tu, na samaki hawa wanaogelea bila kusimama, hivyo katika tangi lenye pembe watajigonga kwenye kioo mpaka wafe. Majumba makubwa ya maonyesho, kama Monterey Bay Aquarium huko California, huwaweka katika matangi makubwa mno ambayo shule haiwezi kuyafikiria.

Kuhusu ngogo, nakuomba uwakataze wanafunzi hata kuwagusa. Ngogo wa milia ana mwiba wenye sumu kwenye pezi la mgongoni na mwingine kwenye kila pezi la kifuani, na mchomo wake una maumivu makali sana. Aliyechomwa atumbukizwe sehemu iliyochomwa katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha apelekwe hospitali. Tena mpira ule ni wa utotoni. Wakikua, na wanaweza kupita sentimita 30, huachana na msongamano huo, kila mmoja akajitafutia mwamba wake au wakabaki wachache pamoja, na tangi lenu litakuwa limeshakuwa dogo.

Pendekezo langu ni samaki wadogo wanaoishi kwenye mapango ya miamba yetu, wa jamii ya Apogonidae, wenye macho makubwa na kinywa kipana. Mchana hutulia kwa kikundi chini ya ukingo wa jiwe, karibu hawatikisiki, na usiku hutoka kutafuta chakula. Hawatawapa wanafunzi ule mgeuko wa ghafla wanaoutaka, hilo nalikubali, lakini watawapa jambo ambalo mimi nalithamini zaidi: dume huatamia mayai ndani ya kinywa chake, na katika siku hizo hali chakula. Wanafunzi wakiona mmoja ana kidevu kilichovimba na anakipisha chakula kikimpita puani, waambieni wasigonge kioo. Chagueni samaki wa hapa petu, na sio yule wa Banggai anayeuzwa duniani kote, ambaye asili yake ni visiwa vichache vya Indonesia na ambaye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imemweka katika orodha ya walio hatarini. Watano au sita wadogo wanatosha kwa lita 200, nao wakikua huenda wawili wakafanya jozi na kuwasukuma wengine, hivyo andaeni mapema tangi la pili.

Wapatikane kwa mtu mwenye kibali cha mamlaka za uvuvi, na sio kutoka sehemu zilizohifadhiwa kama ile isiyoruhusiwa uvuvi ya kisiwa cha Misali. Na huko Misali wapelekeni wanafunzi wenyewe, na miwani ya kupigia mbizi, kwani mgeuko wa kundi kubwa la mbono juu ya mwamba hakuna tangi la shule litakaloweza kuuonyesha. Wakimaliza masomo, samaki wa tangi wasirudishwe baharini, maana wanaweza kupeleka maradhi waliyoyapata humo.

Swali

Nina samaki wa rangi ya chungwa, dume mmoja wa zambarau na majike watano. Walikuwa wakikaa pamoja vizuri sana. Umeme ulikatika usiku kucha, na asubuhi nilimkuta dume amekufa. Sasa majike hawatulii, mkubwa wao anawafukuza wenzake. Ninunue dume mwingine upesi?

Mama wa nyumbani, Wete, Pemba

Jibu

Pole sana, Bibi. Usinunue dume. Kwa maelezo yako hao ni Pseudanthias squamipinnis, ambao wako wengi kwenye miamba yetu, na wote huanza maisha wakiwa majike. Lev Fishelson alieleza katika jarida la Nature mwaka 1970 kwamba dume akiondoka, jike mmoja hugeuka akawa dume. Huyo mkubwa anayewafukuza wenzake ndiye aliyekwisha kuanza safari hiyo. Katika wiki chache utaona rangi ya chungwa ikififia na kuwa zambarau, na mwiba mmoja wa mbele wa pezi la mgongoni ukirefuka kupita mingine. Ukimletea dume mgeni sasa hivi, wawili hao watapigana, na katika tangi la nyumbani mmoja wao hatapona.

Katika wiki hizo ongeza mara za kulisha ziwe nne au tano, kidogo kidogo, kwa kuwa samaki hawa wanakonda upesi kuliko wengi, na jike aliyekonda huonekana kwa tumbo lililoingia ndani na mgongo uliochongoka juu ya kichwa. Fujo zikizidi hadi mapezi yakachanika, mtenge mkubwa huyo ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu, ukitundike humo humo tangini wenzake wamwone, kisha umwachie baada ya siku chache.

Kuhusu umeme, dume wako yaelekea alikosa hewa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na usiku wa kaskazi joto la chumba halishuki sana, kwa hiyo kundi zima linavuta kutoka kwenye akiba ndogo. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, na mpaka uipate, umeme ukiondoka chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kila baada ya muda mfupi. Usiwape chakula mpaka chujio lianze tena kufanya kazi.